Mabibo na Maganda ya Korosho: Mali Inayoozea Chini ya Mti

Msimu wa korosho unapowadia katika mikoa ya Kusini, kuanzia mwezi Oktoba hivi, anayepita kando ya mashamba ya Kilwa, Lindi, Ruangwa au Nachingwea hukutana na harufu ya mabibo yanayochacha. Mkulima huinama, huokota bibo, huchomoa korosho na kuitia kikapuni, kisha bibo hulitupa. Korosho itafika ghalani, itapimwa na kuuzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi. Bibo halina stakabadhi.

Hata hivyo, kwa uzito, bibo ndilo sehemu kubwa ya zao hili. Huwa na uzito wa mara tano hadi kumi ya korosho iliyoshikamana nalo. Familia iliyovuna kilo 500 za korosho huacha shambani kati ya tani 2.5 na tani 5 za mabibo. Wala si tunda duni, kwani vitamini C iliyomo ndani yake huizidi ile ya chungwa mara kadhaa.

Siku hizi wataalamu huzungumzia uchumi wa mzunguko, yaani utaratibu ambamo mabaki ya kazi moja huwa malighafi ya kazi nyingine, na mwishowe kilichotoka ardhini huirudia ardhi. Jina ni jipya, lakini pwani yetu inalijua jambo lenyewe tangu kale. Wazee wetu hawakuyatupa makumbi ya nazi. Waliyafukia ufukweni kwa miezi kadhaa, wakayaponda, wakapata usumba wa kusokotea kamba. Kwa kamba hizo mbao za mitepe zilishonwa pasipo misumari, na vyombo hivyo vikasafiri baharini. Kwa nini basi bibo halijapata heshima iliyopata kumbi?

Sababu ya kwanza ni kwamba bibo huharibika upesi: likidondoka leo, kesho limekwisha kuchacha. Ya pili ni ukakasi wake unaokereketa koo. Ya tatu ni kwamba yote hudondoka katika majuma machache, wakati mkulima ameshughulishwa na korosho. Kwa hiyo mabibo mengi huoza. Mengine hukaushwa kuwa kochoko au kukamuliwa kuwa uraka, na baadhi huishia katika mtambo wa gongo. Pombe hiyo haramu haipimwi na mtu yeyote, na madhara yake kwa afya na amani ya familia yanajulikana katika kila kigango. Hivyo tunda ambalo lingekuwa kinywaji cha watoto na kipato cha mama hugeuka chanzo cha machozi nyumbani.

Njia nyingine ipo, nayo haihitaji kiwanda kikubwa. Mabibo huchumwa au kuokotwa asubuhi yaleyale yaliyodondoka, yasiyopasuka, na kuoshwa kwa maji safi. Hufukizwa kwa mvuke kwa dakika 10 hadi 15 ili kupunguza ukakasi, kisha hukamuliwa. Uji mwepesi wa mchele au wa wanga wa mhogo ukitiwa katika juisi, sehemu ya ukakasi uliobaki hushikamana nao na kutuama chini. Juisi huchujwa kwa kitambaa safi, huchemshwa, na kutiwa moto katika chupa zilizochemshwa. Nyama ya tunda hupikwa kwa sukari na ndimu ikawa jamu. Machicha yanayobaki huweza kukaushwa na kuchanganywa kidogo kidogo katika chakula cha mifugo, au kuozeshwa yawe mboji ya kurudisha shambani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, mkoani Mtwara, kimeyashughulikia matumizi haya ya bibo. Nako Brazili, ulikotoka mkorosho kabla Wareno hawajauleta pwani yetu katika karne ya 16, juisi ya bibo huuzwa madukani kama yoyote nyingine.

Ganda la korosho lina habari tofauti. Karibu asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi ni ganda, na ndani yake mna mafuta makali yanayounguza ngozi, kama wanavyojua akina mama wanaobangua kwa mikono. Viwandani mafuta hayo hukamuliwa na kutumika katika rangi, vanishi na breki za magari, na makapi yake huwasha matanuri. Lakini ganda lenye mafuta halifai kuwa kuni za jikoni, kwa kuwa moshi wake hudhuru macho na mapafu, wala mifugo isilishwe.

Hapa ndipo ilipo hasara kubwa zaidi. Korosho zetu nyingi husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Pamoja nazo huondoka maganda, mafuta yake na ajira za kubangua. Taifa lilijaribu mapema: viwanda vikubwa vilijengwa, vikiwemo vya Lindi, Mtama na Nachingwea, lakini uzalishaji uliokuwa takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74 ulishuka chini ya tani 20,000 kufikia katikati ya miaka ya 1980, na mashine zikakosa kazi. Tunajifunza kwamba mashine peke yake haitoshi. Panahitajika malighafi ya kutosha, ujuzi na soko la uhakika.

Katika Waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, hayati Baba Mtakatifu Francisko aliukemea utamaduni wa kutupa na kutaka uzalishaji unaofuata mzunguko wa maumbile, ambamo mabaki hutumika tena. Nayo Injili ya Yohane, sura ya sita, yatukumbusha kwamba baada ya umati kushiba Bwana aliagiza vipande vikusanywe, na vikapu kumi na viwili vikajaa. Aliyeweza kuizidisha mikate hakuruhusu makombo yapotee.

Msimu ujao, jumuiya ndogo ndogo au kikundi cha WAWATA chaweza kuanza na ndoo chache za mabibo, sufuria, kitambaa safi na mafunzo ya afisa ugani. Kabla ya kuuza, wafuate taratibu za ubora wa vyakula; kwa kuanzia, watoto wa nyumbani wanywe kwanza.