Mto Zigi

Mto Zigi si mto mkubwa. Huko juu, karibu na chanzo chake, mtoto aweza kuuvuka kwa kuruka juu ya mawe. Walakini watu wa mji wa Tanga hunywa maji yake kila siku.

Mto huu hutoka katika milima ya Usambara ya Mashariki, upande wa Amani. Pepo za baharini huleta mawingu, nayo yakiikuta milima hupanda juu, hupoa, na kuwa mvua. Huko Wasambaa hulima migomba na iliki, na chai hulimwa katika mashamba makubwa. Chini ya milima wako Wabondei, na karibu na bahari wako Wadigo. Mto ni wa wote. Mahali paitwapo Mabayani maji yamezuiwa kwa ukuta tangu mwaka 1978, pakawa bwawa. Na kutoka hapo hupelekwa mjini kwa mabomba.

Mvua ikikoma, mbona mto haukauki? Sababu yake ni msitu. Majani ya miti hupokea matone yasiipige ardhi kwa nguvu. Majani makavu yaliyolala chini huyanywa maji kama pamba, na ardhi huyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Lakini miti ikikatwa, na kando za mto zikilimwa, mvua hupita juu juu na kuchukua udongo. Mto hufurika siku chache, kisha hupungua. Na udongo ule hushuka hata bwawani, ukapunguza nafasi ya maji.

Karibu na mwaka 2003 watu wengi walikwenda milimani kutafuta dhahabu kando za vijito. Matope yakaingia majini. Basi achotaye maji chini, asiyepata dhahabu hata chembe, huletewa matope.

Wala si haki kuwalaumu watu wa juu peke yao. Mwenye shamba dogo kando ya mto ana watoto wa kulisha. Akiacha kulima ukingoni na kupanda miti, hasara ni yake, na faida ni ya mtu wa mjini asiyemjua. Kwa hiyo yampasa mtu wa mjini kumsaidia kuuchukua mzigo huo. Maana wanywao mto mmoja ni majirani, ijapokuwa hawajaonana.

Maswali
1. Msitu huufaaje mto wakati wa kiangazi?
2. Udongo wa milimani hulidhurije bwawa?
3. Kwa nini yawapasa watu wa mjini kuwasaidia wakulima wa milimani?