Nani Anakaa Comala? Upatanisho wa Kisarufi na Fumbo la Mji wa Wafu katika Riwaya ya Pedro Páramo

1.0 Utangulizi

Katika riwaya ya upelelezi tuliyoizoea, msomaji hupewa maiti mwanzoni na muuaji mwishoni. Ndivyo ilivyo katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla: kifo kinatokea mahali panapoogopwa, watu wanakinasibisha na nguvu za mzimu, na Bwana Msa anaonyesha kuwa mkono uliotenda ni mkono wa binadamu. Hofu ya mahali inaondolewa kwa hoja, na msomaji anafunga kitabu akiwa ametulia.

Makala haya yanakusudia kueleza riwaya inayokwenda njia ya kinyume. Pedro Páramo, iliyotungwa na Juan Rulfo wa Meksiko (1917-1986) na kuchapishwa mwaka 1955, humwingiza msomaji katika mji mdogo wa ajabu uitwao Comala, na kadiri dalili zinavyokusanywa ndivyo ajabu inavyozidi kuthibitika. Hoja ya kawaida haiifuti, huiongezea uzito.

Dai letu ni hili: fumbo la riwaya hii, kabla ya kuwa fumbo la nani aliua, ni fumbo la nani ahesabiwe kuwa mtu. Kwa kuwa swali hilo ndilo ambalo ngeli za Kiswahili hulijibu katika kila sentensi, mwanafunzi wa Kiswahili ana chombo kizuri cha kuisomea riwaya hii. Kwa wale ambao hawajaisoma, tunaomba radhi kwamba haitawezekana kueleza fumbo bila ya kulifumbua.

2.0 Kisa kwa Muhtasari

Kijana Juan Preciado anamwahidi mama yake, Dolores, aliye katika kukata roho, kwamba atakwenda Comala kumtafuta baba yake, Pedro Páramo, na kumdai haki yao. Njiani anakutana na mwendesha nyumbu aitwaye Abundio, ambaye naye anasema ni mwana wa Pedro Páramo. Abundio anamwambia mambo mawili: kwamba mji ule haukaliwi na mtu, na kwamba Pedro Páramo alikwisha kufa miaka mingi iliyopita.

Juan anaingia mjini. Anapokewa na Bibi Eduviges, kisha na Damiana Cisneros, kisha na kaka na dada wanaoishi kama mume na mke katika nyumba iliyobomoka. Usiku, kwenye uwanja wa mji, minong'ono inamzidi na pumzi inamwishia. Karibu na katikati ya kitabu msomaji anagutuka: kumbe Juan naye ni maiti, na simulizi yote aliyoisikia ilikuwa mazungumzo baina ya Juan na mwanamke aitwaye Dorotea, wakiwa wamezikwa katika kaburi moja. Nusu ya pili hasa inamhusu Pedro Páramo mwenyewe: jinsi alivyojipatia ardhi, alivyompenda Susana San Juan tangu utotoni, na alivyouacha mji ufe.

Kitabu hakina sura wala nambari. Kina vipande vifupi vilivyotengwa kwa nafasi tupu tu, na wakati unaruka mbele na nyuma baina ya kipande na kipande.

3.0 Dalili Tatu

Taharuki katika riwaya hii haijengwi kwa mbio wala kwa silaha. Hujengwa kwa dalili ndogo zinazotupwa kana kwamba hazina maana. Tuchukue tatu.

Dalili ya kwanza ni ya Eduviges. Anamwambia Juan kuwa alikwisha kuarifiwa na mama yake kwamba mgeni angefika siku ile. Juan anajibu kuwa mama yake amefariki. Eduviges hashtuki, anaona tu kuwa hiyo ndiyo sababu sauti ya mama ilimfikia ikiwa dhaifu.

Dalili ya pili ni ya Abundio. Eduviges anasema Abundio anayemjua yeye alikuwa kiziwi, kwa sababu fataki ilimlipukia karibu na kichwa. Juan anasema aliyemleta alisikia vizuri. Basi si yeye, anasema Eduviges. Isitoshe, Abundio amekwisha kufa.

Dalili ya tatu ni ukelele. Juan analazwa katika chumba kitupu, na usiku anaamshwa na yowe la mtu anayeuawa. Damiana anamweleza kuwa chumbani humo alinyongwa Toribio Aldrete, mtu aliyegombana na Pedro Páramo kwa ajili ya mpaka wa shamba, na kwamba huenda mwangwi wake ulibaki umefungiwa mle. Muda mfupi baadaye Juan anamwuliza Damiana kama yeye mwenyewe yu hai. Hajibiwi. Ghafla anajikuta peke yake barabarani.

4.0 Upatanisho wa Kisarufi na Swali la Uhai

Hebu sasa tujaribu kukisema kisa hiki kwa Kiswahili. Kihispania hugawa nomino zake katika jinsia mbili, ya kiume na ya kike, lakini umbo la kitenzi halibadiliki kwa sababu kiima kina uhai au hakina. Aidha, lugha hiyo huruhusu kiima kisitajwe. Hivyo mwandishi anaweza kusema kwamba "kuna kulia" bila kulazimika kueleza kama anayelia ni mtu, ni mnyama au ni upepo. Kiswahili nacho huruhusu kiima kisitajwe, lakini kiambishi cha kitenzi kinabaki, na kiambishi hicho kinatoa ushahidi:

(1) a. Nani analia?
    b. Nini kinalia?

Anayeuliza (1a) amekwisha kukubali kuwa kuna mtu. Anayeuliza (1b) amekwisha kukataa. Katika chumba cha Toribio Aldrete kuna njia tatu za kulieleza yowe lile: sauti inalia, mwangwi unalia, au Toribio analia. Kila moja ni hukumu. Ya kwanza inasema kuna tukio. Ya pili inasema tukio lilikwisha zamani na kilichobaki ni athari yake. Ya tatu inasema Toribio angali mtu, na anauawa kila usiku.

Kwamba hukumu hii si rahisi, wasemaji wenyewe wa Kiswahili ni mashahidi:

(2) a. Maiti yule alizikwa jana.
    b. Maiti ile ilizikwa jana.
(3) Marehemu alizikwa jana.

Sentensi (2a) na (2b) zote husikika, na wasemaji hubishana juu yake. Lakini (3) haina mbishani: marehemu habadilishwi kuwa kitu. Tofauti ni kwamba neno marehemu, lenye asili ya Kiarabu, linabeba maana ya aliyerehemiwa. Aliyeombewa rehema hudumu katika upatanisho wa watu. Mwili usio na wa kuuombea waweza kuteremshwa hadi upatanisho wa vitu. Tutaona hapo mbele kuwa Comala nzima imesimama juu ya tofauti hii.

Njeo na hali nazo zina ushahidi wao. Kiswahili kinatofautisha alikufa, tukio lililopita, na amekufa, hali inayoendelea kuwapo. Tunapomsema mtu kwamba amekufa, tunasema, kwa namna fulani, jinsi alivyo sasa. Watu wa Comala wamekufa na wanasema: viambishi -me- na -na- vinakaa pamoja katika nafsi moja. Vilevile, kauli nilikufa haina kosa lolote la kisarufi, lakini hakuna awezaye kuitumia kwa maana yake halisi. Juan Preciado anaitumia. Hapo ndipo msomaji anapolazimika kurudi nyuma na kukisoma upya kila alichokisoma.

5.0 Mahali: Mji Unapokuwa Kiima

Kauli ya Abundio kwamba mji haukaliwi na mtu inastahili kutazamwa peke yake. Kiswahili kinaweza kuisema kwa njia mbili:

(4) a. Watu hawakai hapa.
    b. Hapa hapakai watu.

Katika (4a) watu ndio kiima. Wanakanushwa, lakini wanaongoza kitenzi. Katika (4b) mahali pamechukua nafasi hiyo, na watu wamesukumwa nyuma ya kitenzi. Mtafsiri wa Comala angechagua ya pili, kwa kuwa katika riwaya hii mji ndio unaotenda: unanong'ona, unakumbuka, unaua kwa kukosesha pumzi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinahuatl la kikaango bapa cha kuokea mikate ya mahindi, na Abundio analitania joto la pale kuwa linaishinda hata Jehanamu.

Viambishi vya mahali pia vingemsaidia mtafsiri. Kwa pa- tunaonyesha mahali dhahiri, kwa ku- mahali pasipo mipaka, kwa m- ndani. Juan anafika akitafuta pale, mji wa kijani aliousikia katika masimulizi ya mama yake. Anakuta kule, mahali ambapo hapana ukingo kati ya njia, nyumba na usiku. Anaishia mle, kaburini. Kiswahili kimewaweka wafu katika ku- tangu zamani, katika neno kuzimu, lenye mzizi ule ule wa mzimu.

6.0 Nani Aliyeua Mji?

Ingawa maelezo yetu hadi hapa ni ya sarufi, riwaya hii si mchezo wa maneno. Ina mhalifu, na makosa yake yanaweza kuorodheshwa. Pedro Páramo alimwoa Dolores ili afute deni aliloachiwa na baba yake na kuitwaa ardhi ya mke. Toribio Aldrete alinyongwa kwa ajili ya mpaka. Mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza mwaka 1910 yalipofika, tajiri huyu aliwaahidi waasi fedha na kuwapa watu wake, na hivyo akabaki salama. Mwishowe, Susana San Juan alipokufa, kengele zililia siku nyingi hata watu wa kutoka mbali wakadhani kuna sikukuu. Maombolezo yakageuka ngoma na ulevi. Pedro Páramo akaapa kukunja mikono ili Comala ife njaa. Akaikunja, na ikafa. Alikuwa na ardhi yote, kwa hiyo hakuhitaji silaha. Kutotenda kulitosha.

Mshirika wake ni Padre Rentería. Miguel, mwana wa Pedro Páramo, alikuwa amemwua kaka wa padre na kumnajisi binti wa kaka huyo. Hata hivyo, Miguel alipokufa kwa kuanguka na farasi, baba alitoa vipande vya dhahabu na padre akambariki maiti. Kwa upande mwingine, dada yake Eduviges, aliyejiua, alipokuja kumwombea nduguye, hakuwa na fedha za kulipia misa, na Eduviges akakosa rehema.

Hili ndilo jibu la fumbo. Wafu wa Comala wanatangatanga kwa sababu rehema iliuzwa. Wenye dhahabu walifanywa marehemu; wasio nayo walibaki maiti tu. Mtunzi anakataa mgawanyo huo kwa njia moja iliyo wazi: anampa kila mmoja wao sauti. Kwa lugha ya ngeli, anawarudishia kiambishi a-. Naye Pedro Páramo, ambaye jina lake linabeba maana ya jiwe na nyika kame, anachomwa kisu na Abundio, mwanawe asiyemtambua, aliyekuja kuomba msaada wa kumzika mkewe. Sentensi ya mwisho ya kitabu inamwonyesha akianguka na kutawanyika kama rundo la mawe. Wafu wote wamekuwa watu. Yeye, aliye hai hadi ukurasa wa mwisho, anakuwa kitu.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba taharuki ya Pedro Páramo inatokana na kuahirishwa kwa jibu la swali moja: huyu asemaye ni mtu au ni kitu? Kihispania kinaweza kuliahirisha kwa ukimya wa kitenzi. Kiswahili kinalazimika kulijibu mapema zaidi, na kwa hiyo mtafsiri angelazimika kuamua, sentensi kwa sentensi, ni nani wa kupewa utu.

Funzo hili linatufaa nyumbani pia. Riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), nazo humwingiza msomaji katika mandhari yasiyo na ramani, ambamo mpaka wa uhai na mauti umevurugwa, na wahakiki wamezihusisha na uhalisia wa kimazingaombwe. Mara nyingi huhakikiwa kwa upande wa falsafa. Tunapendekeza zisomwe pia kwa upande wa viambishi: ni nani anayepewa a- na nani ananyimwa, ni lini mahali panaposhika nafasi ya kiima, na ni wapi -ka- ya masimulizi inapokataa kuunganisha tukio na tukio. Bwana Msa alitufundisha kutafuta nyayo. Katika mji wa wafu hakuna nyayo. Kuna vitenzi, na kila kitenzi kina shahidi wake mwanzoni.