Wembe wa Babu na Siku ya Saba

Siku ya sita tangu mtoto azaliwe, nyumba ya jamaa zetu wa Kikoneni haikuwa na pa kukanyaga. Mbuzi wa akika amekwisha kufungwa chini ya mkorosho, mchele umepepetwa, na mashangazi wamewasili kutoka Msambweni na Lunga Lunga. Ndipo bibi yake mtoto alipoingia chumbani, akafungua sanduku lake, akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na wembe wa kukunja wa marehemu mumewe, mpini wake wa pembe, na neno Solingen limechorwa kwenye shina la chuma.

"Huu ndio uliomnyoa baba yake," akasema, kisha akaufungua. Chuma kilikuwa na madoa mekundu.

Tulitazamana. Kumnyoa mtoto mchanga siku ya saba na kutoa sadaka fedha yenye uzito wa nywele zake ni sunna tuipendayo, na katika madhehebu yetu ya Shafi wa kiume na wa kike ni sawa katika hilo. Lakini utosi wa mtoto ni laini kama ute wa yai, na hakuna aliyethubutu kumwambia bi mkubwa kwamba wembe huo haufai.

Solingen ni mji wa Ujerumani ambao mafundi wake wamefua visu na nyembe kwa karne nyingi, kama walivyo wa Sheffield kule Uingereza. Nyembe zao za zamani ni za chuma cha pua kisichochanganywa na madini ya kuzuia kutu. Hushika makali ajabu, ila maji kidogo tu huziharibu. Kikoneni si ufuoni, lakini unyevu wa masika wautosha. Na kitambaa kile cha mapenzi ndicho kilichokuwa adui, kwa kuwa pamba hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma.

Hapa nilisahihishe jambo moja lisemwalo sana na kina mama. Kutu si pepopunda. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, navyo huingia mwilini kupitia jeraha. Hatari ya kutu ni kwamba hukwaruza chuma kikawa na mashimo madogo yanayoficha uchafu, na makali yaliyomeguka hayanyoi, hurarua.

Mjomba mmoja aliyewahi kuwa kinyozi akautwaa wembe ule, akaketi nao barazani. Kwanza aliupaka mafuta ya cherehani, akauacha kwa muda kutu ilainike. Kisha akachukua kipande cha msasa laini kabisa, wa namba 2000, akakichovya katika mafuta hayo hayo na kusugua pole pole kwa kufuata urefu wa ubapa, vidole vyake vikiwa upande wa mgongo daima. Madoa mengi yalitoka. Palipokuwa na kutu pakabaki kivuli cha kijivu, nacho hakina madhara. Shangazi mmoja alitaka kuleta ndimu, mwingine majivu. Mjomba akakataa vyote viwili. Ndimu hula kutu na chuma pia, na majivu ya jikoni yana chembe zinazochora. Moto ndio usiotajwa kabisa, kwani wembe ukipashwa jikoni ugumu wake hupotea, na hapo hata kinoo hakiwezi kuurudisha.

Lakini doa moja, karibu na ncha, lilikuwa limefika kwenye makali. Akaushika wembe chini ya taa na kutuonyesha. Makali ya kweli hayarudishi mwanga. Ukiona chembe inayong'aa juu yake, hapo pana butu au pengo. Pengo lilikuwapo.

Kulitoa si kazi ya jioni moja. Wembe wa kukunja hunolewa ukiwa umelala chali, mgongo na makali vikigusa kinoo kwa pamoja, kwa kuwa unene wa mgongo ndio unaoyapa makali pembe yake. Makali hutangulia, mkono hauna nguvu, na kila ufikapo mwisho hugeuzwa kwa kubingirisha mgongo. Huanzwa na kinoo cha namba 1000 mpaka pengo liishe, kisha 4000, kisha 8000. Jiwe letu la kunolea visu vya samaki halifai hata kidogo. Baada ya hapo ni mkanda wa ngozi uliovutwa ukakaza, na hapo mwendo hugeuka: mgongo ndio unaotangulia, makali yakifuata nyuma, kwenda na kurudi mara thelathini au zaidi. Mkanda ukilegea huyaviringa makali, na kazi yote ikawa bure.

Basi siku ya saba ikafika na wembe haujawa tayari. Mtoto alinyolewa kwa wembe mpya wa dukani uliotolewa kwenye karatasi yake mbele ya bibi, kichwa kikalainishwa kwa maji ya uvuguvugu, na kisha ukatupwa. Bibi alinyamaza, akazikusanya nywele mwenyewe ili zipimwe.

Siku ya tatu baadaye mjomba alimrudishia wembe wa mumewe. Aling'oa unywele mmoja kichwani mwake, akaugusisha kwenye makali, ukakatika bila kuvutwa. Sasa humnyoa mwanawe ndevu kila Ijumaa, yeye peke yake, kwa kuwa homa ya ini huambukizwa kwa damu isiyoonekana kwa macho, na kirusi chake chaweza kuishi nje ya mwili hata siku saba. Ukitumika huoshwa kwa sabuni, hufutwa kwa spiriti, hukaushwa na kupakwa mafuta. Jiki hairuhusiwi kuusogelea. Huua vijidudu, lakini huleta kutu usiku huo huo. Hauko tena katika kitambaa wala bafuni. Umo katika kikebe kikavu juu ya kabati, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na bibi hukifungua kila mwezi unapoandama.