Asili na Uambishaji wa Kitenzi "Kula" katika Pwani ya Kilifi na Malindi

Huko Matsangoni, baina ya Kilifi na Malindi, Kigiriama na Kiswahili husikika katika soko moja na darasa moja. Mgiriama husema kurya. Mswahili husema kula. Wako wanaodhani kwamba neno la kwanza ni la pili lililoharibiwa. Historia ya kitenzi hiki haiwaungi mkono.

Kwa kulinganisha maumbo kama okulya ya Luganda, kũrĩa ya Kikuyu na kudya ya Kishona, wanaisimu wamekisia mzizi wa Mame-Bantu *-dɪ́-, wenye toni ya juu na irabu ya pili miongoni mwa irabu saba za lugha hiyo. Nyota huonyesha kwamba umbo hilo halimo katika maandishi yoyote, bali limepatikana kwa kanuni za ulinganishaji zilizowekewa msingi na Carl Meinhof mwaka 1899 na kupanuliwa na Malcolm Guthrie kati ya 1967 na 1971.

Katika Kigiriama, *d iliyotangulia irabu hiyo imekuwa r. Ndiyo maana husemwa kurima na kurira, ambapo Kiswahili kina kulima na kulia. Irabu ya mzizi ilipokutana na kiishio -a iligeuka y, nayo ingali yasikika katika kurya. Katika Kiswahili imemezwa, lakini haikupotea bila ya dalili. Kitenzi pa, ambacho a yake ni ya mzizi, huzaa pewa. La huzaa liwa, wala si lewa. Ni dhahiri basi kwamba a ya la ni kiishio tu. Katika jambo hili Kigiriama ndicho kilichohifadhi zaidi umbo la kale.

Tofauti ya pili imo katika uambishaji. Kigiriama husema yunarya: nafsi, wakati, kitenzi. Kiswahili husema anakula, amekula, atakula, kwa kuingiza -ku-. Hata hivyo husemwa hali, ale, akila, hula na amemla pasipo -ku-. Sababu ni mkazo. Kiswahili, kilichokwisha kupoteza toni, huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi -na-, -me-, -li- na -ta- haviwezi kuubeba. -Ku- huja kuupokea. Ha-, -ki-, hu- na kiambishi cha mtendwa huweza kuubeba vyenyewe. Kigiriama, ambacho kingali na toni, hakina sharti hilo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Matsangoni akiandika "anala", yafaa mwalimu amsahihishe, kwani Kiswahili sanifu kina kanuni yake. Lakini asimwambie kwamba lugha ya mamaye ni Kiswahili kibovu. Lugha hizi mbili ni ndugu wa kundi la Sabaki, lenye jina la mto uingiao baharini kaskazini ya Malindi. Na katika kitenzi hiki, anayehukumiwa kuwa ameharibu ndiye aliyetunza urithi.