Akizinduka hospitali, msimkimbize nyumbani: unga, arosto na chumba cha dharura

Mtu aliyezidisha unga akifikishwa hospitali akiwa bado anapumua, ana nafasi kubwa ya kuokoka. Kuna oksijeni, kuna sindano ya kumzindua, na kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Tatizo huja baada ya hapo. Amefungua macho, anatapika, anatetemeka, anataka kuondoka. Ndugu nao wana aibu, wanataka kumtoa kabla majirani hawajajua. Wanakodi gari, wanarudi naye nyumbani. Usiku uleule, au wiki ileile, anazidisha tena, na safari hii yuko peke yake chumbani.

Tunaandika haya kwa sababu kila tunapogusa unga hewani, maswali mengi yanayoingia kwa simu na meseji ni ya polisi: nani kakamatwa, kwa nini fulani hakamatwi. Ya tiba huwa machache. Ni kana kwamba tumekubaliana kuwa teja hatibiki. Anatibika, na hapa tutaeleza kwa namna gani, na chumba cha dharura kinaingia wapi.

Kwanza, kwa nini Songwe. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zote zinatokea Tunduma kuingia Nakonde. Malori yanapanga foleni, madereva na utingo wanalala mjini, fedha ya nchi mbili inazunguka. Mzigo halali unapita hapa, na usio halali unatafuta kupita njia hiyohiyo. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Iringa iko kwenye barabara hii hii tunayoitumia sisi. Na mzigo ukipita mahali, punje hudondoka: kete moja hapa, kete mbili pale, kijana anavuta kwanza, halafu anaanza kujidunga.

Na si unga peke yake. Kuna vidonge vya tramadoli, dawa halali ya maumivu, ambavyo watu huvimeza ili wabebe mizigo mizito au waendeshe usiku kucha bila kuhisi uchovu. Tramadoli ni ya ukoo mmoja na heroini, mofini na pethidini, ukoo wa afyuni. Ukizoea, utaitafuta kila siku. Ukizidisha, inaweza kukuletea hata degedege.

Dawa za ukoo huu hukaa kwenye sehemu maalumu za ubongo. Tuzifananishe na siti za Kosta ya Tunduma–Mbeya. Heroini ni abiria anayekaa kwenye siti, anapiga kelele, anamlewesha dereva. Siti zikijaa heroini tupu, dereva anasinzia, na kwa mwili maana yake ni kwamba ubongo unasahau kuamrisha mapafu yavute hewa. Mtu hafi kwa sumu ya unga kama anayekunywa dawa ya kuulia wadudu. Anakufa kwa kukosa pumzi.

Sindano ya kumzindua inaitwa naloksoni. Yenyewe inamwinua abiria mkorofi kwenye siti, inakaa pale kimya, haimlewishi mtu hata kidogo. Ndani ya dakika chache mgonjwa anavuta pumzi ya nguvu. Lakini naloksoni ina safari fupi. Inafanya kazi kwa dakika 30 hadi 90 hivi, kisha inashuka. Tuseme inashukia Mpemba. Heroini bado imesimama kwenye korido, ina tiketi ya Mbeya, na siti ikiachwa wazi inarudi kukaa. Ndiyo maana daktari anaposema mgonjwa abaki aangaliwe kwa saa kadhaa, hatafuti kuwapotezea muda. Kama alichozidisha ni dawa inayokaa mwilini muda mrefu, uangalizi unaweza kufika siku nzima.

Kabla ya kufika hospitali, kuna mambo ya kufanya, na kuna mambo mengi ya kuacha. Mtu aliyezidisha utamtambua: ukimwita na kumtikisa haamki, anapumua kwa nadra au anakoroma kwa sauti ya maji kooni, midomo na kucha zimekuwa za kijivu au bluu, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje ya ulezi. Mlaze chali, inua kidevu chake ili njia ya hewa ifunguke, na kama hapumui vizuri mpulizie hewa mdomoni huku umembana pua, pumzi moja kila baada ya sekunde tano. Mwenzako awe anatafuta usafiri. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe.

Maziwa, hapana. Maji ya limao, hapana. Mtu asiye na fahamu ukimmiminia kitu mdomoni kinaingia mapafuni. Kuna wanaomchoma sindano ya maji ya chumvi, kuna wanaommwagia ndoo ya maji baridi na kumpiga vibao mpaka uso unavimba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoiondoa heroini kwenye siti. Muda mlioutumia kwa maziwa ulikuwa muda wa kumpulizia hewa.

Sasa yuko hospitali, amezinduka. Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu.

Baada ya naloksoni, au baada tu ya saa kadhaa bila unga, mtumiaji anaingia kwenye arosto. Wengi mmeiona. Anapiga miayo, kamasi na machozi vinatoka, vinyweleo vinasimama, mifupa inauma, anatapika, anaharisha, halali. Kwa mtumiaji wa heroini huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya kete ya mwisho na huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu. Mara chache arosto yenyewe huua, ila maumivu yake ndiyo yanayomtorosha mgonjwa wodini. Akitoroka, anajua kete iko wapi. Watu husema hana shukrani, ameokolewa asubuhi na jioni karudi kijiweni. Sisi tunaona tofauti: amepewa dawa ya kumfufua bila dawa ya ugonjwa uliomleta.

Mwaka 2015 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha utafiti walioufanya kwenye chumba cha dharura. Wagonjwa walikuwa 329, wote wakiwa na uraibu wa dawa za ukoo huu. Kundi la kwanza lilipewa maelekezo ya kliniki za kwenda. La pili liliongea na mhudumu na kusaidiwa kuunganishwa na kliniki. La tatu liliongea na mhudumu na pia likaanzishiwa palepale dawa iitwayo buprenofini, kisha likaunganishwa na matibabu ya kuendelea nayo. Baada ya siku 30, katika kila watu 100 wa kundi la kwanza, 37 walikuwa kwenye matibabu. Kundi la pili, 45. Kundi la tatu, 78.

Buprenofini ni abiria wa aina nyingine. Inakaa kwenye siti kwa nguvu, inatuliza arosto, inapunguza hamu, lakini kelele zake zina kikomo. Ina sharti moja: mgonjwa awe ameshaanza kuhisi arosto kabla ya kupewa. Ikipewa mapema inamwangusha abiria wa kwanza ghafla, na arosto inamjia kwa kishindo.

Kwetu Tanzania msingi wa tiba hii ni methadoni. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa, na ikawa ya kwanza ya umma Afrika Bara kusini mwa Sahara kuwa na mpango wa namna hiyo. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Kwa upande wetu wa nyanda za juu kusini, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ilianza mwaka 2017. Methadoni ni dawa ya kunywa, mgonjwa anaimeza mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, na huduma ni bure. Katika Kosta yetu ni mzee anayepanda asubuhi Tunduma, anakaa kimya, anafika mwisho wa safari: saa 24. Mtu halewi kama alivyolewa na unga, hapati arosto, anaweza kwenda kazini. Dozi huanza ndogo na kupandishwa taratibu, kwa hiyo wiki za kwanza mgonjwa anaweza kulalamika kuwa haimtoshi. Ni wakati wa kumshika mkono, kwa sababu akiongeza unga, pombe au dawa za usingizi juu ya methadoni anaweza kuacha kupumua.

Kliniki hizo hazitoi methadoni tu. Hupima VVU, homa ya ini na kifua kikuu, maana sindano ikishirikiwa magonjwa hayo hushirikiwa pia. Tuongeze jambo ambalo familia nyingi hazilijui: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huiondoa methadoni mwilini haraka. Mgonjwa akianza dawa za TB na arosto ikarudi, si lazima awe anadanganya. Huenda dozi inahitaji kurekebishwa. Amwambie daktari, asiache TB.

Mwaka 2012 msanii Ray C alikwenda Ikulu kumshukuru Rais Jakaya Kikwete kwa kumsaidia kupata matibabu. Wasikilizaji wetu wa rika letu wanakumbuka nyimbo zake zilivyotawala redio. Kujitokeza kwake kuliwafanya wazazi wengi wasikie kwa mara ya kwanza neno methadoni, na waone kuwa ugonjwa huu hauchagui.

Ugumu uliobaki ni mwendo. Dawa ya kila siku inamtaka mgonjwa awe karibu na kituo kila siku. Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kama kilomita 100. Mtu wa Kamsamba au Mkwajuni hata Vwawa kwake ni safari. Kwa maoni yetu hapa ndipo chumba cha dharura kinapaswa kufanya zaidi ya kuandika karatasi ya rufaa. Miaka ya karibuni serikali imejenga majengo ya dharura kwenye hospitali nyingi za mikoa na wilaya, zikiwemo fedha za mpango wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3. Jengo likiwepo, simu moja kutoka kwa muuguzi kwenda kliniki ya methadoni, ikisema kesho asubuhi fulani anakuja, mpokeeni, haigharimu jengo jingine. Na mgonjwa akipewa dawa za kutuliza kutapika, kuharisha na maumivu ya mifupa, anaweza kuufikia huo ubavu wa kesho asubuhi.

Ndugu nao waulize kabla ya kuondoka wodini. Ataangaliwa kwa saa ngapi? Nani atampigia mtu wa kliniki? Dozi ya kila siku ataipata kituo gani, na atafikia kwa nani? Kama ana ndugu anayeishi karibu na kituo, miezi ya mwanzo akae huko. Ni mipango ileile tunayofanya mtu akipelekwa mionzi au upasuaji. Namba 119 ya Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya hupigwa bure, na waulizeni kituo kilicho karibu nanyi. Namba 199 ya Wizara ya Afya nayo ni bure.

Kuhusu polisi, kwa kuwa najua ndilo swali lenu, na sisi hatulikwepi: kutumia dawa za kulevya ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2015. Lakini daktari wa dharura anauliza alitumia nini ili ajue sindano ya kuchoma, na siri ya mgonjwa ni sehemu ya maadili ya kazi yake. Fomu ya polisi, PF3, ni ya majeraha ya ajali na kushambuliwa. Ukisema "kaanguka tu, hatujui", daktari ataanza kutafuta malaria, kisukari na kifafa, na dakika zinakwenda.

Kuna kundi moja tunaliombea uangalifu wa pekee: aliyetoka gerezani, au aliyetoka nyumba ya upataji nafuu baada ya miezi bila unga. Mwili wake umesahau. Kipimo alichokuwa akikimudu zamani sasa kinaweza kumuua kwa mara moja. Familia hufurahi kuwa kapona, humpa fedha ya kuanzia maisha, humwacha alale peke yake. Siku hizo za mwanzo ndizo za kukaa naye karibu, na ndizo za kumpeleka kliniki hata kama anaonekana mzima.

Na swali ambalo huja mwisho kila mara: atakunywa methadoni mpaka lini? Wengine miaka miwili, wengine zaidi, wengine kwa muda mrefu sana, na kupunguza hufanywa na daktari taratibu, si na baba mwenye nyumba aliyechoka kutoa nauli. Mama mwenye presha anameza kidonge kila siku na hatumwiti teja wa presha.