Ijue Diski Kabla Hujaifuta

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wanabadili mifumo ya kompyuta zao. Zenye uwezo zinapandishwa kwenda Windows 11, nyingine zinawekewa Linux. Kuweka mfumo siku hizi ni kazi nyepesi. Kinachowaliza watu ni yale waliyoyaruka kwenye diski kabla ya kuanza.

Kwanza nakala. Kuhamishia mafaili kwenye D hakusaidii kitu ikiwa C na D ni vipande (patisheni) vya diski moja. Ikifutwa, yote yanakwenda. Weka nakala kwenye diski ya nje, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue picha kadhaa na nyaraka za kazi. Mimi nakala isiyojaribiwa siihesabu. Ukisharidhika, ichomoe uiweke mbali.

Kuichomoa kuna sababu. Wakati wa kuweka mfumo, Windows haikuoneshi C wala D ulizozizoea, inakuandikia Disk 0 na Disk 1. Linux inaandika sda, sdb au nvme0n1, na majina hayo yanaweza kubadilishana kompyuta inapowashwa upya. Itambue diski kwa ukubwa na modeli yake. Usishtuke iliyouzwa kama GB 500 ikisomeka 465 kwenye Windows, kwani kiwanda huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024. Ukiwa na shaka, acha kwanza. Amri ya clean ya diskpart, zana ya Windows ya kupanga diski, haiulizi mara mbili: inafuta patisheni zote za diski uliyoichagua papo hapo.

Anayetaka Linux ikae pamoja na Windows ana mengine ya kuangalia. Kompyuta nyingi za Windows 11 huja na diski iliyofungwa kwa BitLocker, hivyo tafuta kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Zima pia Fast Startup, kwa sababu huiacha Windows ikiwa haijazimika sawasawa, na mfumo mwingine ukiandika kwenye patisheni zake, mafaili yanaweza kuharibika. Ile patisheni ndogo ya EFI, ambayo kwa kawaida ni ya MB 100 au zaidi kidogo, usiifute ukidhani ni takataka. Ndiyo yenye programu za kuiwasha mifumo.

Kuhusu mpangilio wa diski, chagua GPT. MBR ya zamani hukomea patisheni kuu 4 na takriban TB 2, na Windows 11 inatarajia GPT.

Ukimpelekea fundi, usimwachie kompyuta kwa maneno ya "nitaifomati tu." Muulize nakala ameiweka wapi, na aifungue mbele yako.