Protini Amshi: Umbo na Kazi ya Protini Zinazozindua Bakteria Waliolala

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii inaafiki hali ya baadhi ya bakteria ambao, wanapokosa chakula au kukabiliwa na mazingira magumu, husitisha ukuaji na kuingia katika hali ya bwete. Katika hali hiyo hawagawanyiki, na hata wakipewa chakula cha kawaida cha maabara aghalabu hawaoti. Anayewahesabu anaweza kudhani kuwa wamekufa, ilhali wamelala tu. Makala haya yanafafanua umbo na kazi ya protini zinazowazindua bakteria hao, na kuonyesha uzito wa suala hili katika kupambana na kifua kikuu.

Mnamo 1998, Galina Mukamolova, Arseny Kaprelyants, Douglas Kell na wenzao, waliokuwa wakifanya utafiti Urusi na Wales, walichapisha matokeo kuhusu bakteria aitwaye Micrococcus luteus. Bakteria waliokuwa wamekaa na njaa kwa muda mrefu waliamka walipotiwa majimaji yaliyochujwa kutoka kwa wenzao waliokuwa wakikua. Kiini cha majimaji hayo kilibainika kuwa protini moja inayotolewa na bakteria wenyewe. Kiasi kidogo mno cha protini hiyo kiliongeza idadi ya walioweza kuota mara 100 au zaidi. Kifupisho cha jina lake kimataifa ni Rpf, na jina hilo limebeba dhana ya ufufuzi. Katika Kiswahili, hata hivyo, hufufuliwa aliyekufa na huamshwa aliyelala. Maadamu bakteria hawa hawakufa, makala haya yanatumia istilahi ‘protini amshi’.

Tukianza na umbo, kila protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa kwa namna maalumu. Sehemu kuu ya protini amshi ina asidi amino zipatazo 70. Mwaka 2005 umbo la sehemu hiyo katika RpfB, mojawapo ya protini amshi za bakteria wa kifua kikuu, lilichapishwa. Lilionekana kushabihiana na la lisozimu, kimeng'enya kilichomo katika machozi na ute wa yai, ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922. Sehemu hiyo ina mfuo, na ndani ya mfuo huo mna asidi amino moja muhimu iitwayo glutamati.

Umbo hili ndilo linalodokeza kazi. Bakteria amezungukwa na ukuta wa peptidoglikani, yaani minyororo ya sukari iliyofungamanishwa kwa vipande vifupi vya asidi amino mithili ya wavu. Protini amshi hukata kiungo kati ya sukari na sukari. Watafiti walipoibadilisha ile glutamati, uwezo wa kukata na wa kuamsha ulipungua.

Hapa pana kitendawili: lisozimu hukata ukuta ikamwua bakteria, ilhali protini amshi hukata ukuta ikamwamsha. Maelezo ya kwanza ni kwamba ukuta wa aliyelala hauna budi kulegezwa kwa kadiri, mahali panapofaa, ili seli ikue na kugawanyika. RpfB hushirikiana na kimeng'enya kingine, RipA, mahali ambapo seli mbili changa hutengana. Maelezo ya pili ni kwamba vipande vya ukuta vilivyokatwa huwa ishara inayoiarifu seli kuwa wakati wa kukua umewadia. Maelezo haya hayapingani, na yote mawili yangali yanachunguzwa.

Umuhimu wa maarifa haya unadhihirika katika kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa takribani robo ya watu duniani wameambukizwa bakteria wake, na wengi wao hawaugui. Bakteria huyu ana protini amshi tano, RpfA hadi RpfE. Mwaka 2008 ilithibitishwa kuwa akinyang'anywa zote tano bado hukua maabara, lakini hushindwa kuamka ipasavyo na makali yake hupungua katika panya. Mwaka 2010 ilibainika kuwa katika sampuli nyingi za makohozi ya wagonjwa ambao hawajaanza dawa, bakteria walio wengi hawakuota mpaka walipotiwa protini amshi. Kwa hivyo kipimo cha kuotesha kinaweza kuonyesha sehemu ndogo tu ya bakteria waliomo.

Aidha, dawa nyingi huwashambulia zaidi bakteria wanaokua, waliolala huzistahimili. Hii ni sababu mojawapo ya tiba ya kawaida kuendelea kwa miezi 6 hata mgonjwa akijihisi amepona. Watafiti wanatafakari njia mbili: kuzizuia protini amshi ili waliolala wasiamke, au kuwaamsha makusudi ili dawa ziwaangamize. Hadi njia hizo zitakapothibitishwa, mgonjwa hana budi kumaliza dozi, kwani kimya cha bakteria si kifo chake.